Namba Nne na Ufunguo wa Chumba cha Baridi

Jumamosi, mwezi wa nne. Mvua imeanza alfajiri, ikanyesha bila haraka mpaka adhuhuri, halafu jua likachungulia kidogo kama mtu aliyerudi ndani kuchukua kitu alichosahau. Nimetoka Pugu na matope hadi magotini. Kwa nini nilikwenda Pugu nitawaeleza mwishoni, maana nikianza na hapo hamtaelewa.

Vijana wa chumba cha seva, siku mliyoniaga mlisema niwaandikie tulivyokuwa tukifanya kazi zamani, kabla mashine hazijaanza kupewa namba zake na seva yenyewe. Nikasema nitajaribu. Mie ni wa darasa la saba na kozi ya kupiga taipu, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni. Na jambo jingine: haya ni kama ninavyoyakumbuka mie. Angeandika Anselm angeandika mengine, na huenda ya kwake yangekuwa sahihi zaidi. Hilo linaniudhi, lakini nimeona nilitangulize.

Nilikuwa mpiga taipu wa shirika la vipuri vya matrekta, pale Barabara ya Pugu, ofisi mbele na ghala nyuma. Ilikuwa miaka ile vitu vilipoanza kurudi madukani, sabuni haipangiwi foleni tena, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mashirika yote yatauzwa. Kompyuta zikaja kwenye makasha, zikapangwa mezani, na kila bibi wa ofisi akaifumia yake kitambaa cha uzi mweupe cha kuifunika isipate vumbi. Vitambaa hivyo vikumbukeni.

Aliyeletwa kuziunganisha alikuwa Mzee Ngonyani, mtu wa Songea, fundi umeme wa zamani aliyejifunza mambo ya mtandao kwa kuyatazama mpaka yakamzoea. Alitaka wasaidizi wawili. Nikachaguliwa mie, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi, na akachaguliwa Anselm, opereta wa simu, kijana wa Masasi aliyekuwa akipanga chumba Tandika. Kwa nini yeye sikuambiwa. Nilidhani ni kwa sababu ya sauti yake.

Siku ya kwanza Mzee Ngonyani alitusimamisha mbele ya mlango wa chumba cha seva, ambacho sie tulikiita chumba cha baridi kwa kuwa ndicho pekee chenye kiyoyozi kinachofanya kazi, ukiacha cha meneja mkuu. Akasema tuvue viatu, vumbi la Temeke lisiingie. Anselm alikuwa amevaa makubadhi, akayatupa pembeni na kuingia. Mie nilikuwa na viatu vya kamba. Mpaka nimalize kuzifungua, mwenzangu alikwishaonyeshwa seva, akaishika, akacheka naye mzee. Nikaingia na soksi iliyotoboka kidole gumba, nikapata maelezo ya nusu.

Ningeyasahau hayo kama si namba.

Enzi zile kila mashine ilikuwa na namba yake, na namba hiyo haikuandikwa kwenye kibodi kama mnavyofanya nyie. Ndani ya mashine mlikuwa na kadi ya mtandao, na kwenye kadi hiyo palikuwa na swichi nane ndogo nyeupe, kila moja kama punje ya mchele. Unafungua mfuniko, unainama, unazipandisha na kuzishusha mpaka zitoe namba unayoitaka. Mzee Ngonyani hakutaka bisibisi ikaribie pale. Alitumia chelewa, ile njiti ya ufagio wa makuti, aliyoinoa kwa wembe na kuibeba mfuko wa shati pamoja na kalamu. Waya mweusi ulitoka kwenye kila kadi, unapita ukutani, unaingia chumba cha baridi.

Swichi ya kwanza ina thamani ya moja, ya pili mbili, ya tatu nne, ya nne nane, hivyo hivyo zinaongezeka maradufu. Mzee alieleza, Anselm akatikisa kichwa kama ameelewa, mie nikaona kiza. Nilipofika nyumbani Mtoni ndipo nikakumbuka bibi yangu alivyokuwa akipima mchele: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Ilikuwa kitu kilekile. Kesho yake nikapanga namba ishirini na moja bila kuandika popote, nikisema moyoni kibaba, pishi, na pishi nne. Mzee akasema, "Zuhura ana kichwa cha namba." Nikafurahi mpaka mchana, aliposema, "Na Anselm ana mkono." Nilirudi nyumbani nikiyapima, kichwa na mkono, kipi kizito. Mpaka leo sijapata jibu.

Sasa, namba zenyewe. Kokote kwingine fundi angezigawa kwa vyumba. Mzee Ngonyani alizigawa kwa heshima. Seva ilikuwa moja, meneja mkuu mbili, na kuanzia hapo akafuata nani alitangulia kuajiriwa, kama watu wanavyopangwa mstari wa mbele harusini. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliona aibu kumpa mzee wa ghala namba kubwa na msichana wa mapokezi namba ndogo. Namba iliandikwa kwenye kipande cha plasta nyeupe, kikabandikwa usoni mwa mashine, na haukupita muda watu wakaanza kuzitazama namba za wenzao. Mama Mlaki wa malipo alinisimamisha koridoni akiwa na kikombe cha chai, akaniuliza ni kwa hesabu gani yeye awe wa tisa na Mzee Mtulia wa ghala awe wa nne, ilhali barua zao za kazi zilitoka wiki moja. Nikamwambia amuulize mzee. Akasema, "Mzee ataniambia haina shida. Yeye kila kitu haina shida." Hilo nalo likumbukeni.

Tulipofikia mashine zetu wenyewe, Mzee Ngonyani alifikiri kidogo, maana tuliteuliwa siku moja. Akasema basi, aliyetangulia kuingia mlangoni. Anselm akawa wa kumi na moja, mie wa kumi na mbili. Kamba za viatu.

Kazi ya kila asubuhi ilikuwa hii. Mmoja wetu anachukua ufunguo kwa mzee, anavua viatu, anaingia, anasoma kioo cha seva: imeamka tangu lini, nafasi iliyobaki ni kiasi gani, mashine zipi zimeingia na kwa namba gani. Ikiwa sawa, anatoka koridoni na kutangaza, "Seva ipo." Hapo watu wanaacha chai na kukaa kwenye viti vyao. Zamu ya Anselm, tangazo lilifika mpaka ghalani, na wapakiaji mizigo walimwitikia "Amina" kwa utani. Zamu yangu liliishia kwa wahasibu, kisha mtu mmoja anauliza, "Jamani, imetangazwa?" Nikajaribu kupaza zaidi. Nikaambiwa nisiwapigie watu kelele.

Nimpe haki yake. Anselm alikuwa mzuri. Aliweka kiganja juu ya seva kama mtu anayempima mtoto homa, akasema feni yake inaumwa, na kweli siku chache baadaye feni ikasimama. Mie nilikuwa nimeitazama seva ileile kila siku na sikusikia kitu. Miaka ya mgao wa umeme, betri ya akiba ilipoanza kulia, mie ndiye niliyekuwa na uhakika zaidi wa kuizima seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha, na mzee alilijua hilo. Lakini umeme ukirudi watu walimwona Anselm akitangaza, wakamshukuru yeye. Wasichana wa mauzo walimwita Ansi, wakamwekea chapati. Mie nilipelekewa malalamiko.

Na mchana mzee alikula naye. Nilijiambia ni kwa sababu wote wawili ni watu wa kusini, na wanaume, na mie nilikuwa na swala. Sababu zote zilikuwa za kweli. Bado nilipomaliza kuswali nilipita njia ya nyuma ya karakana ili nisiwaone wakichangia sahani.

Shirika likauzwa. Mwekezaji mwenyewe hatukumwona sana. Tuliyemwona ni meneja aliyemleta, Bi Tesha, dada wa Kinondoni, mwembamba, mwepesi wa kutembea na kusema. Hakuwa mbaya. Alituita chumbani kwake mie, Anselm na Mzee Ngonyani, akatukaribisha viti, akasema watu wanapunguzwa kila idara na hawezi kutufanya sie kuwa tofauti.

"Mzee wangu, wewe muda wako wa kustaafu umefika, haki zako utapata," alisema. "Hapa nabaki na mmoja. Wewe unawajua hawa vijana, mie siwajui. Ijumaa unipe jina."

Nadhani mnaweza kuelewa wiki ile. Mume wangu, Baba Mwajuma, alikuwa amepunguzwa kiwandani mwaka uliotangulia, anauza vitumbua na mie barazani kabla sijaja kazini. Anselm alikuwa ametoka kuoa, na mdogo wake alikuwa amekuja toka Masasi kutafuta shule. Sikutaka kuyajua hayo ya kwake. Unapomwonea mtu wivu ni afadhali asiwe na mdogo wake.

Jumanne mzee aliniita nyuma ya karakana, akatazama huku na huku, akasema, "Mwanangu, ufunguo ni wako. Wewe ndiye nitakayekuachia. Ila Anselm usimwambie, ataumia." Nilitaka kumbusu mkono. Siku ile hata vumbi la barabarani halikunikera. Nilimwona Anselm akipita na ngazi begani, nikamhurumia kutoka moyoni, huruma tamu kama ile anayoionja mtu aliyeshiba.

Kilichoniharibia ni kwamba Anselm naye alikuwa akipiga mluzi.

Siku hiyohiyo mchana mtandao ukaanza vituko. Mashine zinaganda, zinazinduka, zinaganda tena. Asubuhi shwari, ikishafika saa ya watu kurudi kutoka kula, mambo yanavurugika. Jumatano hivyo hivyo. Wahasibu wakapoteza kazi ya nusu siku. Maneno yakaanza, na sikuyasikia kwa kunong'onezwa. Mpakiaji mmoja wa ghala aliniuliza mbele ya wenzake, "Dada Zuhura, ni wewe unayemharibia Ansi, au ni yeye anayekuharibia wewe? Tujue wa kumpelekea pole." Wakacheka. Nilijua si mie. Kwa hiyo ikabaki ni yeye, na nilianza kutazama mikono yake ilipo. Baadaye niligundua kuwa naye alikuwa akitazama ya kwangu.

Alhamisi Bi Tesha alitoka chumbani kwake mwenyewe, akasimama koridoni amekunja mikono. Akasema anataka kuona tatizo hili linavyotafutwa. Mzee Ngonyani siku hiyo hakuwepo, alikuwa ameitwa mjini kufuata mafao yake. Tulibaki wawili.

Ningependa kuwaambia mie ndiye niliyeanza kufikiri namba. Ukweli ni kwamba tulisema kwa pamoja. Kwenye kioo cha seva namba nne ilikuwa inaingia na kutoka, inaingia na kutoka, kama mtu anayesukumwa mlangoni. Namba nne ilikuwa ya Mzee Mtulia. Mzee huyu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupunguzwa, kisha wakagundua hakuna mwingine anayejua vipuri vya zamani vimelala rafu ipi, wakamrudisha Jumanne ile kwa mkataba, anakuja mchana tu. Hilo likaeleza saa. Halikueleza kwa nini.

Namna ya kutafuta ilikuwa moja tu: mmoja akae chumba cha baridi atazame kioo, mwingine azunguke akizima mashine moja moja, na wapigiane kelele. Anselm akasema yeye atazunguka, kwa sababu sauti yangu haitafika ghalani. Alisema kweli na nilichukia. Nikavua viatu, nikaingia, nikaacha mlango wazi.

"Nazima nne," alipaza toka ghalani.

Nikatazama. Nne ilikuwa bado ipo, tena sasa imetulia kabisa. Nikamwambia haijazimika.

"Nimeizima."

"Ipo. Naiona."

"Dada Zuhura, nimechomoa waya, ninao mkononi. Mzee Mtulia huyu hapa shahidi."

"Basi unao waya usio wenyewe. Nne ipo, Anselm, inafanya kazi vizuri kuliko wakati wowote."

Watu walikuwa wamejaa koridoni kusikiliza. Halafu nilimsikia akirudi, makubadhi yake yanapiga sakafu, akasimama mlangoni na kunitazama. Wote wawili tulikuwa tumefika palepale. Kulikuwa na nne nyingine ndani ya jengo. Namba moja imepewa mashine mbili, na kila inapoamka ya pili zinagombania jina, na ugomvi wao unawayumbisha wote.

Alizunguka tena kwenye mashine zote, zamu hii akisoma plasta, mie nikihakiki kwenye kioo ile anayoizima kama inatoka. Kila moja ilitoka ilipozimwa. Kikabaki chumba cha malipo, ambacho Mama Mlaki hukifunga kwa funguo na hupenda kubishiwa hodi. Mashine yake ilikuwa chini ya kitambaa chake cha uzi, kikubwa, chenye maua, kimeshuka mpaka usoni. Anselm alikinyanyua ncha kwa vidole viwili kama anayemfunua bibi harusi. Plasta ilikuwa mpya. Nne.

"Zima hiyo, Mama," alisema, na mie kule nikaiona nne ikitoka kwenye kioo. Nikatoka na soksi zangu mpaka chumba cha malipo.

Mama Mlaki hakutaka kuzomewa. Alisema namba ile amepewa na Mzee Ngonyani kwa mkono wake mwenyewe, na chelewa lake, Mzee Mtulia alipopunguzwa, maana ilikuwa haki yake tangu mwanzo. Alimwomba, na mzee akamjibu haina shida. Mzee Mtulia naye alikuwa amefika, anahema. Akasema aliporudi kwa mkataba alimuuliza Ngonyani, namba yangu ipo? Akajibiwa, ipo, mzee wangu, haina shida. Ngonyani akafungua mashine palepale akairudisha.

"Kumbe mie nimekalia kiti cha mtu," alisema Mama Mlaki.

"Hapana, mama. Mie ndiye nimekalia chako," alijibu Mzee Mtulia, na wakaanza kuombana radhi kwa urefu, kila mmoja akimsukumia mwenzake namba.

Anselm hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amekishika kile kitambaa bado, ananitazama mie. Kisha akaniuliza polepole, "Dada Zuhura. Na wewe alikuita nyuma ya karakana?"

Nilisogea mpaka mbele yake.

"Alikwambia usiniambie?" nikamuuliza.

"Utaumia."

Mama Mlaki alituuliza tunacheka nini, na ukweli mie sikuwa nacheka. Anselm ndiye aliyecheka, mpaka akakalia sanduku la karatasi. Mie nilikuwa nawaza yale maneno, mwanangu, ufunguo ni wako, niliyolala nayo siku mbili kama mtu aliyeficha dhahabu chini ya mto, kumbe nusu yake ilikuwa Tandika, kwa Anselm. Sikumkasirikia mzee. Nilimwonea wivu Anselm kwamba aliambiwa na yeye, na nilitaka sana kujua nani aliambiwa kwanza. Sikumuuliza. Aliponiambia baadaye bila kuulizwa, kuwa aliambiwa Jumatatu, nilijuta kuwa na masikio.

Ijumaa mzee aliitwa. Tulisimama wote watatu mbele ya Bi Tesha. Alimuuliza jina. Mzee Ngonyani alitazama viatu vyake, akatazama kiyoyozi, akasema wote ni wanawe. Bi Tesha akamwambia hajauliza habari za familia. Jasho likamtoka mzee ndani ya ubaridi ule. Nilimwona kwa mara ya kwanza kama mtu anayeteswa. Hakuwa mwongo. Alikuwa hawezi tu kumtazama mtu usoni na kumwambia hapana.

Ndipo Anselm akasema, "Mama, jana ulikuwepo koridoni. Ile kazi ungeifanya na mtu mmoja?"

Lilikuwa neno zuri, na lilistahili kutoka kwangu. Nikaongeza langu, kwamba mtu mmoja angetoka ghalani kuja kutazama kioo na kurudi ghalani kwa kila mashine, siku nzima ofisi imekaa bure. Bi Tesha alituuliza nani hasa aliyelikuta tatizo. Anselm akasema wote. Nikasema wote, lakini yeye ndiye aliyenyanyua kitambaa. Sijui kwa nini nilisema. Labda kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Bi Tesha akafikiri. Akasema tutabaki wawili kwa majaribio, na nafasi ya mtu mmoja ataitoa kwingine. Wapi, hatukuuliza. Msichana wa mapokezi hakurudi mwezi uliofuata, na sijawahi kupita meza ile bila kumkumbuka. Ufunguo wa chumba cha baridi ukatundikwa ofisini kwa Bi Tesha, si kwangu wala si kwa Anselm. Majaribio hayakuwahi kutangazwa kuwa yamekwisha. Nimestaafu nikiwa kwenye majaribio.

Mama Mlaki alirudi namba tisa kwa hiari yake, lakini kitambaa hakukiondoa.

Yaliyofuata mnayajua. Waya mweusi uliondolewa, kadi za swichi zikatupwa, na siku moja seva mpya ikaanza kugawa namba yenyewe, inampa yeyote yoyote, leo wa pili kesho wa mia. Siku hiyo Anselm aliniambia, "Sasa na mie naweza kuwa wa kumi na mbili." Aliona nini usoni mwangu miaka yote ile, sikujua. Tulifanya kazi bega kwa bega mpaka mvi. Aliugua, nikashika zamu zake. Nilifiwa na mama, akasimamia chakula cha wafiwa kama mtoto wa nyumbani. Na bado, bosi alipoingia na kusema "Ansi" kabla ya "Zuhura", kitu kilinichoma palepale pa zamani. Sijui kama ni tabia au maradhi. Nawaandikia mjue kuwa mtu anaweza kuwa nacho na akafanya kazi vizuri tu, hata na huyohuyo anayemchoma.

Sasa Pugu.

Mzee Ngonyani alijenga huko, mlima unapoanza, analima mihogo na macho yamemchoka. Tangu nistaafu nilikuwa na swali moja. Nilisema, mie si mfanyakazi tena, yeye si bosi, hakuna ufunguo wala chumba. Sasa anaweza kusema. Leo nikaenda na mvua yangu.

Alinitambua kwa sauti. Nikampa shikamoo, tukaongea habari za watoto, za miguu yake, za Mzee Mtulia Mungu amrehemu. Kisha nikamuuliza. Mzee wangu, ile Ijumaa, kama ungelazimishwa, ungetaja nani?

Alipapasa mfuko wa shati, pale lilipokuwa likikaa lile chelewa. Aligeuza uso kidogo kuelekea mlangoni, kama anahakikisha.

"Wewe, mwanangu," alisema. "Ningekutaja wewe. Ila Anselm usimwambie, ataumia."

Jamani, nilifurahi. Najua mnavyofikiri, na mie nilijua wakati uleule, lakini moyo hauulizi. Akamwambia mjukuu wake anifungie mihogo, akachagua mwenyewe kwa kupapasa, akisema hii ni laini, nimekuwekea wewe.

Nilikuwa nafungua geti niliposikia mluzi. Anselm anapanda njia toka barabarani, amekunja suruali, makubadhi mkononi, mwavuli wa mkewe kichwani. Ametoka Kibamba na mvua ile yote. Alistaafu mwaka jana.

"Dada Zuhura. Na wewe umekuja kumwona mzee?"

"Nimemsalimia tu."

"Mmeongea nini?"

"Mvua."

Akatazama mfuko wangu wa mihogo, akatazama uso wangu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, akaingia. Ningeweza kuondoka. Nilisimama kwenye kibanda cha muuza mkaa nikajifanya nasubiri mvua ikatike. Hakukaa sana. Alitoka anapiga mluzi uleule wa Jumanne ile, na mfuko wa mihogo umefungwa kwa kamba ileile kama wangu. Tukashuka pamoja mpaka barabarani. Nilimuuliza wameongea nini na mzee. Akasema, mvua.

Haya nimeyaandika bila hofu, kwa sababu Anselm hasomi vitu virefu.

Usiku huu tumekula mihogo ya nazi na dagaa wa kukaanga, mie, Baba Mwajuma na wajukuu wawili. Wote wamesifu. Kwangu mie kipande kimoja kilikuwa na mzizi mgumu katikati, na nimekaa nikikitafuna nikiwaza kwamba ya Anselm, kule Kibamba, lazima ilikuwa laini zaidi.